Wanawake 26, siku tatu na nusu, na Dar es Salaam

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma, na picha ya daftari uliyonitumia asubuhi nimeikuza mpaka nikasoma kila mstari. Umeuliza: "Mama, siku tatu na nusu zinatosha kuona hizi sehemu kumi na nne, au tupunguze?" Sikutaka kukujibu kwa sauti ya WhatsApp, maana utaisikiliza huku unageuza maandazi na kusikia nusu yake. Nimekaa nikaandika, uwasomee na wenzako wa kikoba mkikutana.

Punguzeni. Nendeni sehemu saba tu, na nyingi kati ya hizo mziendee kwa miguu.

Najua itawauma. Mmeweka akiba mwaka mzima, mmevunja kikoba, kila mmoja amekata kwenye mgao wake, na katika wanawake 26 waliowahi kufika Dar ni watatu tu. Mtu aliyetoa pesa hiyo anataka aone kila kitu alichowahi kukisikia redioni. Na sisi tulitaka hivyo hivyo.

Mwaka 2004 kwaya yetu ilipokwenda Dar, ratiba niliipanga mimi. Wewe ulikuwa mdogo, ulibaki kwa shangazi yako. Kwa siku moja niliandika sehemu saba, na mwishoni, saa kumi na moja jioni, nikaandika "ufukweni". Kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya pili, umri wake kama wangu wa leo. Tangu tunaondoka Dodoma aliniomba kitu kimoja tu, aitie miguu yake baharini. Tulifika ufukweni saa moja na nusu usiku. Giza lilikuwa limeshaingia, dereva anapiga honi, na mimi ninahesabu watu kwa tochi. Yule mama alisimama akasikiliza mawimbi, hakuyaona. Alfajiri tukapanda basi kurudi. Alifariki miaka michache baadaye hajarudi Dar tena. Hakunilaumu hata siku moja, lakini mimi najua ratiba ile aliiandika nani.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba: bahari muione siku ileile mnayofika, kabla ya kitu kingine chochote. Mwezi wa sita jua la Dar linazama kama saa kumi na mbili na robo, mapema kidogo kuliko huku kwetu. Mkichukua treni ya asubuhi Ijumaa, mchana mko mjini. Wekeni mizigo, mle, mpumzike, na saa kumi jioni mtembee taratibu hadi Kivukoni. Meli zinaingia bandarini zikipita karibu kiasi kwamba unawaona watu walio juu. Siku hiyo msipange kingine.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo iliyonishinda mimi. Umeandika kila sehemu saa moja, halafu umejumlisha. Lakini kundi la watu 26 halitembei kama wewe na rafiki yako. Kila mnaposimama kuna kushuka, kuhesabiana, kutafuta choo, kupiga picha ya pamoja, kumsubiri aliyerudi kununua maji, kupanda, na kuhesabiana tena. Weka dakika 40 kwa kila kituo, na hapo hujaona kitu bado. Zidisha kwa sehemu 14, ni dakika 560. Zaidi ya saa tisa za safari yenu zitakwenda kwenye kushuka na kupanda. Hiyo ni siku nzima ya Dar, na foleni bado sijaihesabu.

Habari ya kulala. Umeandika Mbezi, kwa sababu binamu yako amesema gesti ni rahisi na stendi iko karibu. Binamu yako anafikiria basi. Ninyi mnakwenda na SGR, ile treni ya umeme, na stesheni yake iko mjini kabisa, kwa hiyo stendi ya Mbezi haiwahusu. Tena fikiria mwendo wa jiji lile. Asubuhi magari yote yanaingia mjini, kutoka Mbezi, Tegeta, Mbagala na Gongo la Mboto. Jioni yote yanatoka. Ukilala nje ya mji unajiunga na foleni zote mbili. Ukilala katikati, asubuhi unatoka wakati wenzako wanaingia, jioni unarudi wakati wao wanatoka, na gari linakwenda. Tafuteni hosteli za taasisi za dini zilizo katikati, au gesti za upande wa Kisutu na Mnazi Mmoja. Kitanda kitazidi bei ya Mbezi, lakini piga hesabu ya nauli za watu 26 kwenda na kurudi kila siku, utaona tofauti imeishia wapi. Na aliyechoka mchana ataweza kurudi kulala bila kuwasimamisha wengine. Kwenye kundi lenye mama wa miaka 67 hilo ni jambo kubwa kuliko shilingi elfu tano.

Jumamosi ndiyo siku ya gari. Kodisheni basi dogo la Kosta kwa siku nzima, mwandikiane na mwenye gari kwamba bei ina mafuta, maegesho na muda wa kusubiri. Msijaribu kupanda mabasi ya mwendokasi wote kwa pamoja. Mlango utafungwa kumi wako ndani na kumi na sita wako kituoni, na walio ndani hawajui washukie wapi.

Siku hiyo shikeni barabara moja tu, ya Bagamoyo. Anzeni Kijiji cha Makumbusho, kabla jua halijawa kali. Pale kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi hii, zimejengwa kama zilivyokuwa, na tembe ya Kigogo imo. Wenzako watacheka kwamba wametoka Dodoma kwenda kuangalia tembe. Waache wacheke, kisha wamwombe yule mama wa miaka 67 awaeleze wadogo kila sehemu ya nyumba ilikuwa ya nini. Mwisho wa wiki huwa kuna ngoma, ila pigeni simu kwanza kuulizia saa.

Mkitoka hapo mle, kisha Coco Beach. Mkirudi mjini mwambie dereva apite Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa mwaka 2022 juu ya bahari. Linaanzia upande wa Coco na kutua karibu na Hospitali ya Aga Khan, kwa hiyo mtaliona bila kuongeza kituo hata kimoja. Umeliandika kama sehemu ya kushuka. Lifute.

Ila kabla ya kuandika saa ya Coco, ulizia maji. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake zinasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo saa aliyokwambia mtu wiki iliyopita haikufai. Yakipwa, pale mnakuta miamba na majani, na wenye miguu laini wanaumia. Mtu wa kumuuliza ni mvuvi au jedwali la maji kujaa na kupwa, lipo kwenye simu. Mwezi wa sita pia ni wa kusi, upepo unavuma na mawimbi yana nguvu. Wengi wenu hamjui kuogelea. Maji yasivuke magoti, na muwe mmeshikana wawili wawili. Kwa sababu hiyohiyo nimekata safari yenu ya boti kwenda kisiwa cha Mbudya. Ni pazuri mno, lakini sitaki wanawake ambao hawajawahi kupanda hata mtumbwi waanze na boti ndogo wakati wa kusi.

Jumapili barabara za katikati ya mji zinatulia. Ndiyo siku ya kutembea kwa miguu, maana kuvusha watu 26 barabara ya Posta siku ya kazi ni mateso.

Muamke mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe Feri, soko la samaki. Wavuvi wanaingia na samaki wa usiku, mnada unapigwa, na wenzako wanaouza dagaa na sangara Dodoma watajifunza zaidi ya wanavyotegemea. Waulize bei, waulize barafu, waulize jinsi samaki wanavyosafirishwa. Hiyo mimi naihesabu kuwa ni sehemu ya biashara yenu. Vaeni viatu visivyoteleza, na kamera ziwe ndani ya mikoba, kwa sababu Ikulu iko jirani na hairuhusiwi kuipiga picha. Hatua chache kutoka hapo kuna pantoni ya kwenda Kigamboni. Pandeni, mvuke, mrudi. Ni dakika chache na nauli ni ndogo, na kwa mtu ambaye hajawahi kukanyaga chombo cha majini hicho ndicho atakachosimulia nyumbani.

Wanaosali wakaenda Azania Front au Mtakatifu Yosefu, makanisa mawili ya wakati wa Wajerumani, yote yametazama bandari na yako karibu karibu. Wengine wakapumzike. Mkutane tena saa nane Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Bebeni vitambulisho, kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni. Mtakuta habari za fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale sana, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Akichoka mtu, bustani ya mimea iko mlango wa pili, ina miti mikubwa na kivuli.

Sasa kuna mahali ulipoandika "Sanamu la Askari, dakika 5, picha". Hapo nakuomba nusu saa.

Lile sanamu la shaba liliwekwa mwaka 1927, kwa ajili ya Waafrika waliokufa katika vita ya 1914 hadi 1918. Maandishi yake yapo kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na kwa Kiingereza, na yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wapagazi hao wengi walitoka bara, na Ugogo, huku kwetu Dodoma, haikuachwa. Wajerumani walichukua wanaume, ng'ombe na nafaka, Waingereza walipofika nao wakachukua, mvua zikakosekana, na ndiyo ikaja ile njaa ya Mtunya, kuanzia 1917 hivi hadi 1920. Bibi yangu alikuwa mtoto. Alikuwa akitusimulia kwamba mama yake aliwafunga watoto matumbo kwa kitambaa ili walale. Kati ya wanawake wenu 26, hakuna hata mmoja ambaye ukoo wake haukupita kwenye Mtunya. Wasimamishe pale, uwaeleze. Kisha mwambie mama yeyote anayejua wimbo wa zamani wa Kigogo auimbe, hata kwa sauti ya chini.

Na kesho yake, Jumatatu asubuhi, mtakapokwenda Kariakoo, utaimalizia hadithi. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliokuwa na kambi pale. Watu walilisema kwa midomo yao mpaka likawa Kariakoo. Mahali ambapo ninyi mnakwenda kununua vitenge ndipo walipolala waliobebeshwa mizigo ya vita ileile. Ukishawaeleza hivyo, hawatapita pale wakiangalia bei tu.

Kariakoo ni ya mwisho makusudi, ili msizungushe mizigo siku tatu. Msiingie 26. Gawanyikeni wanne wanne au watano watano, kila kundi liwe na simu moja yenye chaji na karatasi yenye jina la gesti na namba yako. Pesa ya kununulia ikae kwenye simu, mkononi wawe na kidogo. Saa sita kamili wote warudi gestini, aliyepata na aliyekosa. Treni yenu ya jioni haitamsubiri mtu, na tiketi ina jina la mwenyewe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Hilo kalihakiki sasa hivi, mmoja mmoja, maana Mama Mkubwa anajulikana kwa jina ambalo haliko kwenye NIDA.

Chakula: siku moja kabla, mwende kwa mama lishe mmoja mkubwa, mwagize mlo wa aina moja kwa watu wote. Mkiingia mkaanza kuulizana nani anataka wali na nani ugali, saa moja na nusu imekwenda.

Bagamoyo nimeifuta, Unguja nimeifuta. Bagamoyo iko kama kilomita 70, na ina magofu ya Kaole, misheni ya mwaka 1868 na njia nzima ya misafara iliyopita hapa kwetu Ugogo. Haistahili kupewa saa mbili za jioni. Vunjeni kikoba kingine mwakani, mwende huko peke yake, na safari hiyo na mimi nitachanga.

Gesti msilipie kwanza. Andika ratiba upya, nitumie picha, na pembeni ya kila siku uandike jina la mtu mmoja atakayekuwa nyuma ya kundi. Wewe utakuwa mbele, huwezi kuona nani amebaki. Kwa Ijumaa jioni, andika jina la yule mama wa miaka 67, yeye ndiye atakayeongoza mwendo kwenda baharini, na ninyi wote mfuate hatua zake.

Mama yako