Kabla Hujasambaza Habari ya Panya wa Kifafa

Kila baada ya muda inapita habari kwenye makundi yetu ya WhatsApp: wanasayansi wametengeneza panya mwenye kifafa, dawa iko njiani. Mimi ni mjomba wa binti anayeishi na kifafa kule Mbagala, kwa hiyo habari hizo hunifikia kwanza. Ndugu huuliza: "Mjomba, tusimamishe hivi vidonge tusubiri hiyo mpya?" Hapana. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla inaweza kuleta mishtuko mfululizo ya kumaliza mtu. Halafu nawaambia waulize: panya huyo ana kifafa gani?

Wabongo wengi wakisikia panya wa utafiti wanawaza wale panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu na kifua kikuu. Hao wamefundishwa kazi. Hawa wa kifafa wamezaliwa na kasoro, na kasoro hiyo hupatikana kwa njia tofauti.

Kule Strasbourg, Ufaransa, miaka ya 1980, watafiti walikuta baadhi ya panya wao wa kawaida wanaduwaa ghafla huku umeme wa ubongo ukichafuka. Wakawazalisha hao kwa hao mpaka ukapatikana ukoo mzima wa waduwaaji, bila mtu kugusa jeni. Wajapani walipita njia nyingine: dume hudungwa kemikali inayovuruga jeni za mbegu zake, kisha wanachunguzwa watoto wengi hadi apatikane mwenye hitilafu inayotafutwa. Mwaka 2010 walitangaza panya mwenye kasoro kwenye jeni ya SCN1A. Mwili wake ukipashwa joto, anapata degedege. Siku hizi kuna CRISPR, mbinu ya maabara inayokata jeni iliyochaguliwa kwenye yai lililorutubishwa. Ndiyo, wanyama hawa wanateseka, na mimi silipendi hilo. Lakini sitaki pia mpwa wangu awe wa kwanza kujaribiwa.

SCN1A ndiyo inayonigusa zaidi. Tangu 2001 inajulikana kwamba hitilafu zake kwa binadamu huleta kifafa kikali cha utotoni kiitwacho Dravet. Jeni hiyo hutengeneza milango ya sodiamu, yaani vitundu vya kwenye seli za ubongo vinavyopitisha sodiamu ili seli zitoe umeme wake, na mwaka 2006 utafiti kwa panya wadogo wa maabara ulionyesha kwamba zilizoathirika hasa ni seli za kutuliza ubongo. Yaani gari halijaongezwa mafuta, limekatika breki. Ndiyo maana dawa zinazoziba milango ya sodiamu, kama karbamazepini ambayo wengi tunaijua, zinaweza kumzidishia mtoto wa Dravet mishtuko. Madaktari walishaliona hilo kwa wagonjwa. Panya ndio waliosaidia kueleza sababu. Karbamazepini hiyohiyo inaweza kuzidisha pia kifafa cha kuduwaa, ilhali kwa mtu mwenye mishtuko inayoanzia sehemu moja ya ubongo ni dawa nzuri. Kwa hiyo usimpe mwanao vidonge vya mtoto wa jirani, hata kama wote "wanaanguka".

Na kifafa kingi cha huku kwetu hakianzi na jeni iliyovunjika. Kuna mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, kuna malaria iliyopanda kichwani, kuna tegu wa nguruwe, kuna ajali za bodaboda. Panya wa SCN1A hajatengenezwa kwa ajili ya hao, hata kichwa cha habari kikipiga kelele namna gani.

Kitu kilichotusaidia sisi kuliko habari zote ni simu. Daktari hamwoni mgonjwa akipata mshtuko. Anamwona ametulia, amechanwa nywele. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na mtu wa pili arekodi: ulianzia mkono gani, macho yalielekea wapi, ulidumu muda gani. Ukipita dakika 5, acheni kurekodi, mkimbizeni hospitali.

Kama mwanao alianza degedege kabla ya kutimiza mwaka mmoja, ndefu, zinazorudi kila homa, leo upande huu kesho ule, na ameshaanza dawa lakini hali inazidi, nenda na video hizo kwa daktari wa watoto au wa neva, umtajie neno Dravet. Ukiona anashangaa, muombe rufaa.