Soketi moja, wapangaji watatu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama Tanzania iko tayari kwa magari ya umeme. Nimelisoma mara mbili nikiwa barazani kwangu Tabata, na nakiri limenigusa panapouma, kwa kuwa kwa miezi saba iliyopita nimekuwa nikilijibu kila siku bila kuulizwa na mtu. Jibu nililokuja nalo ni fupi: hapana, hatuko tayari. Naomba radhi mapema kwamba sitaijibia nchi nzima, kwa sababu nchi sijui inalala wapi. Nitajibu habari za bajaji moja ya umeme, ambayo najua inalala wapi, maana inalala uani kwangu.

Wengi watakaowaandikia wataanza na Rufiji, na watakuwa na haki ya kuanza hapo. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na tangu mtambo wa kwanza ulipowashwa Februari 2024, mgawo ule wa ratiba tuliokuwa tukiukariri kama ratiba ya vipindi umetuondokea. Mwaka huo huo treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro na kisha Dodoma. Mtu akiniambia kwamba umeme wetu hauwezi kubeba abiria namshauri akakate tiketi. Lakini treni imevutiwa waya wake juu ya reli, kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari, na haimwombi mtu ruhusa ya kuchomeka. Bajaji inahitaji soketi, na soketi ina mwenyewe.

Nyumba yangu ina Luku mbili, yaani mita za umeme wa kulipia kabla: moja ya nyumba kubwa ninamoishi, nyingine ya vyumba vitatu vya uani. Luku ya uani imo katika daraja la watumiaji wadogo, ambao hulipa shilingi 100 kwa uniti (umeme wa kilowati moja kwa saa moja), au shilingi 122 kodi na tozo zikijumlishwa, ilimradi wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Wapangaji wangu waliijua hesabu hii kwa kichwa kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha: uniti 75 ni shilingi 9,150, watu ni watatu, kila mmoja anatoa 3,050 tarehe mosi. Mimi naongeza 1,500 ya kodi ya jengo, ambayo hukatwa humo humo kwenye Luku na ambayo ni deni la mwenye nyumba, ingawa mtaani kwetu wapo wenye nyumba wanaojisahaulisha. Kwa miaka mitatu utaratibu huo haukuwahi kuleta neno. Chumba cha kwanza anakaa mama anayekaanga maandazi, ambaye huamka saa tisa usiku. Cha pili anakaa mlinzi wa usiku. Cha tatu anakaa kijana aliyekuwa akiendesha bajaji ya petroli ya mtu na kupeleka hesabu ya shilingi 20,000 kila jioni.

Jioni moja mwanzoni mwa mwezi kijana huyo alirudi na bajaji ya umeme aliyoichukua kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi iwe yake. Sikuisikia ikiingia, nilijua imefika nilipoona mwanga wa taa zake ukutani. Alikuja kunisalimu, akanionyesha kioo kinachohesabu asilimia za betri, akaniomba niombe dua, nikaomba. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza itachajiwa wapi. Alipitisha waya wa chaja dirishani, akachomeka chumbani kwake karibu na kitanda, akalala.

Tarehe 9 asubuhi Luku ya uani ikaanza kulia. Uniti 75 zilizozoea kufika mwisho wa mwezi zilikuwa zimekwisha. Wakachanga 10,000, lakini kwa kuwa walishavuka kiwango, kila uniti iliyozidi sasa ilikuwa shilingi 427, hivyo wakapata uniti 23 na kidogo, ambazo hazikuimaliza siku ya tatu. Usiku huo mama wa maandazi aliamka kukanda unga gizani, akaniamsha na mimi.

Tulikaa kikao uani siku iliyofuata, nami nikawa mwenyekiti, mwenye nyumba na mwalimu wa Fizikia kwa pamoja. Mlinzi alizungumza wa kwanza na hoja yake ilikuwa nzito: “Mwalimu, mimi saa kumi na mbili jioni nafunga mlango wangu, narudi saa moja asubuhi. Umeme wa usiku unanihusu nini?” Mama wa maandazi hakuwa na hotuba. Alileta daftari lake la mauzo akatuonyesha siku ambayo hakuuza andazi hata moja. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa, na alipoulizwa alijibu kwa unyenyekevu ambao mpaka leo siwezi kuusahau: “Shikamooni wazazi wangu. Nilidhani ni kama simu, kubwa kidogo tu.”

Nikachukua chaki. Chaja yake ilikuwa ikivuta kama kilowati moja na robo, kwa muda wa saa tano hadi sita, na kwa hiyo ilikuwa ikila takriban uniti 7 kila usiku, wakati vyumba vyote vitatu pamoja na feni ya mlinzi havikuwa vikifikisha uniti mbili na nusu kwa siku. Kwa maneno mengine, kijana alikuwa amewaleta wapangaji wengine kama wanane katika chumba kimoja bila kuniambia. Nilipoliandika hilo ukutani mlinzi alicheka sana, kijana hakucheka. Hofu yangu kubwa, ambayo sikuwaambia siku hiyo, ilikuwa kwamba miezi ikifululiza hivyo Luku ya uani itahamishwa daraja, na hapo hata uniti inayowasha taa ya mama wa maandazi ingekuwa shilingi 356, kama ile ninayolipia mimi katika nyumba kubwa.

Suluhisho la kwanza lilikuwa langu na lilikuwa la kipumbavu. Nilimruhusu achaji kutoka nyumba kubwa kwa ekstensheni iliyopita dirisha la jiko langu, naye, kwa kuwa ni kijana nadhifu, akauzungusha waya uliobaki vizuri katika duara chini ya dirisha ili watu wasijikwae. Usiku wa tatu nilinusa plastiki inayoungua. Duara lile lilikuwa limelainika kama chapati na plagi imeshikana na soketi. Nimefundisha kwa miaka 27 kwamba joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo na kwamba waya uliosongamana hauna pa kulitolea, nikawaandikia watoto kanuni ya Joule ubaoni na kuwasahihishia, kisha nikaja kukutana nayo jikoni kwangu saa sita usiku nikiwa na kanga moja. Namshukuru Mungu pazia halikuwa karibu. Simlaumu kijana. Ekstensheni ilikuwa yangu, ya bei rahisi, na nyaya za nyumba ile zilitandazwa mwaka 1998 na mtu aliyekuwa akifikiria redio na balbu nne.

Hapo ndipo nilipomwita fundi. Alitoa njia mpya kutoka kwenye bodi kwa waya wa milimita mbili na nusu, akaifungia sakiti breka yake peke yake, akaweka soketi nzito upenuni pasipofikiwa na mvua, na kabla ya soketi akafunga mita ndogo. Gharama yote ilikuwa shilingi 185,000. Tulibishana nani alipe, tukakubaliana nusu kwa nusu, kwa kuwa kijana anaweza kuhama lakini soketi haihami. Pia tulikubaliana achaji kuanzia saa nne usiku, maana mtaani kwetu kuanzia saa moja jioni, pasi na majiko yakiwaka, umeme huwa mdogo kiasi kwamba chaja hujizima na kujiwasha kama mtu mwenye kwikwi. Kila Jumapili anakuja na tochi ya simu, tunasoma mita pamoja, tunazidisha kwa 356, ananilipa. Jumapili iliyopita zilikuwa uniti 43, shilingi 15,308. Sipati faida hata senti. Naliandika hili asije mtu akadhani nimefungua kituo.

Niliketi kuandika nikiwa na hakika kwamba kisa hiki kinathibitisha kuwa hatuko tayari. Nikikitazama tena, nakiona kinasema pia jambo jingine ambalo sikulikusudia. Kijana huyu alikuwa akimimina petroli ya zaidi ya shilingi 10,000 kwa siku, na sasa usiku wake mmoja hauzidi shilingi 2,500. Tena petroli yenyewe, tuiseme ukweli, lini tuliwahi kuwa tayari nayo? Vijijini inauzwa mpaka leo kwenye chupa za maji juu ya meza, kando ya sigara. Mwaka 2023 dola zilipoadimika, vituo vikakauka katika mikoa kadhaa, na Septemba ya mwaka huo lita moja hapa Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,200. Hakuna gazeti lililotuuliza wakati huo kama nchi iko tayari kwa petroli. Ethiopia, iliyokuwa na shida hiyo hiyo ya fedha za kigeni, mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli. Uamuzi huo naona ulikuwa mkali mno na sitamani tuuige, lakini nimeacha kuucheka.

Kuhusu magari madogo ya familia msimamo wangu haujalegea. Sisi ni watu wa IST na Noah zilizotumika Japani, na magari ya umeme yatakayotufikia kwa bei ya kawaida yatakuja kwa njia hiyo hiyo. Injini iliyochoka fundi wa gereji ataifungua, ataitia ringi mpya na mtaondoka. Betri iliyochoka inabaki imechoka. Nissan Leaf huonyesha afya ya betri yake kwa vijistari 12 pembeni mwa dashibodi, na mnunuzi asiyejua kuvihesabu atauziwa gari linalong’aa lisiloweza kumfikisha Chalinze. Kabla hatujazungumzia utayari, ningependa ukaguzi wa bandarini uvihesabu vijistari hivyo kama unavyokagua breki.

Kwa bajaji na bodaboda ni hadithi nyingine. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya biashara haisajiliwi kama si ya umeme, na madereva wengi huko hawachaji nyumbani kabisa: wanafika kituoni, wanaacha betri tupu, wanachukua iliyojaa, wanaondoka. Utaratibu huo unamwondoa mwenye nyumba katika habari hii yote, na mimi kama mwenye nyumba nauunga mkono kwa mikono miwili. Kenya nao waliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, ambayo usiku hushuka hadi nusu. Kwetu, kijana anayechaji saa nane usiku, wakati mitambo ya Rufiji haina kazi kubwa, analipa sawa na anayepiga pasi saa moja jioni. Hata bei hiyo ikija kesho, haitamfikia aliyepanga chumba kwenye Luku ya pamoja. Na hapa mjini wangapi wanaoendesha bajaji wana Luku ya peke yao?

Mkinibana nijibu swali lenu kama lilivyo, basi nafuta “hapana” niliyoanza nayo na kuandika “ndiyo, kwa magurudumu mawili na matatu”, nikiambatisha masharti. Sijaona betri hii ikifika mwaka wa nne. Sijaona itakavyokuwa masika ya kweli yakija na barabara yetu ikageuka mto kama kawaida yake. Mkataba wa kijana una kurasa sita, na ukurasa unaoeleza nani analipa betri ikifa ndio wenye maandishi madogo kuliko yote. Nimeusoma kwa miwani na bado sijaridhika. Mlinzi naye hajasamehe: kila tarehe mosi, kabla ya kutoa 3,050 yake, anakwenda upenuni kuhakikisha kwamba waya wa bajaji haujarudi dirishani.

Juzi kijana alikuja na mwenzake wa kijiweni, aliyechukua bajaji ya aina ile ile na ambaye mwenye nyumba wake amemkatalia kuchaji. Waliuliza kwa adabu kama upenuni pana nafasi ya soketi ya pili. Nimewaambia waje Jumamosi na fundi, tupime kwanza kama waya unaoingia kwenye nyumba utazihimili zote mbili kwa usiku mmoja, na kwamba safari hii mita ndogo wanunue wenyewe.