Kuhesabu kalori kwa chakula cha sufuria moja

Mwaka juzi uzito wangu ulifika kilo 91 na presha ikaanza kupanda. Muuguzi aliyenipima aliniambia nipunguze chakula, nikatoka pale bila kujua nipunguze kipi, kwa kiasi gani. Nikapakua programu ya kuhesabu kalori kwenye simu. Nikaandika "chapati moja", ikanijibu kalori 120. Nikaiamini kwa wiki sita, na mizani haikusogea.

Chapati ya kwenye simu ilikuwa nyembamba, haina mafuta. Yangu naikanda kwa mafuta, naikunja kwa mafuta, kisha naichoma kwa mafuta mengine. Siku moja nikakaa kupiga hesabu: kilo moja ya unga wa ngano ina kalori kama 3,640, na mafuta yote niliyotumia, mililita 200 hivi, yana kama 1,600. Zilitoka chapati 16. Kila moja ilikuwa na kalori zaidi ya 320, karibu mara tatu ya nilichokuwa naandika.

Ndiyo maana anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanze na sufuria yake.

Wiki ya kwanza usipunguze chochote. Kula kama kawaida na uandike kila kinachoingia mdomoni, hasa vile tusivyoviita chakula: sukari ya chai, ugali aliobakiza mtoto, karanga za kutafuna kwenye daladala. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vilivyojaa. Nilipoipima, sukari hiyo ilikuwa gramu 54, yaani kalori zaidi ya 200 kabla sijagusa chakula. Soda ya mililita 350 nayo ina kama 150.

Kisha nunua mizani ndogo ya jikoni. Bila mizani utakadiria, na mwenye njaa hukadiria kwa kujipendelea. Tatizo letu ni kwamba hatuli vitu vya pakiti vyenye maandishi. Tunapika sufuria moja, kila mtu anapakuliwa. Hesabu yake inawezekana. Pima sufuria tupu, uandike uzito wake. Pima kila kinachoingia kikiwa kibichi, mafuta yakiwemo. Chakula kikiiva, pima sufuria yote, toa uzito wa sufuria, kisha gawanya jumla ya kalori kwa uzito wa chakula uliobaki.

Haya ndiyo maharage yangu ya kwanza: maharage makavu nusu kilo, kalori kama 1,700, mafuta mililita 100, kama 820, vitunguu na nyanya, 100. Jumla 2,620. Yalipoiva yalikuwa na uzito wa kilo mbili, kwa hiyo kila gramu 100 ilikuwa na kalori 131, na upawa wangu wa gramu 250 ulikuwa na 330 hivi. Angalia mafuta: karibu theluthi ya sufuria nzima, na nilikuwa nayamimina kwa macho. Sasa naweka vijiko vitatu vya mezani, kila kimoja kalori kama 120, na hakuna nyumbani aliyelalamika. Ugali nimeuacha palepale. Watu hukimbilia kuuonea ugali wakati mafuta na sukari vinapita bila kuguswa.

Namba za vyakula vyetu zipo. Tanzania ina majedwali ya virutubishi vya vyakula yaliyotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa ya kwake mwaka 2018. Na pakiti ikiandika kJ (kilojuli, kipimo kingine cha nishati) badala ya kalori, gawanya kwa 4.2.

Ukishajua unachokula kwa siku, punguza kalori 300 hadi 500, usizidishe. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo mwendo ni wa polepole. Mimi nimetoka 91 hadi 83 kwa miezi minane, na kuna wiki mizani ilipanda bila sababu niliyoijua. Lakini kama una mimba, unanyonyesha, unatumia dawa za kisukari, au uliwahi kuwa na tabia ya kujinyima chakula mpaka ukaumwa, tafadhali onana na daktari kwanza. Hapo sitaki mtu afuate maneno yangu.

Nikienda kwa mama Tanga tunakula sinia moja, na pale sipimi. Nikirudi naandika makadirio ya pilau ile, kalori 900 au 1,000, na kesho yake naendelea kama kawaida. Silipi kwa kushinda njaa. Nimejaribu hivyo mara mbili, na mara zote mbili saa nne usiku nilikuwa jikoni nikimaliza mkate.