Wambui, kuhusu swali lako la Shosho

Nakuru, Free Area
Jumapili usiku

Mwanangu Wambui,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika, sikufichi. Unaniuliza: "Mama, ile miaka sita uliyomtunza Shosho, mama yake Baba, ulifanya kwa kupenda au kwa kulazimika? Kama ulipenda, yule mwanafalsafa Kant anasema tendo lako halina thamani ya kimaadili. Na kama ulilazimika, hukuwa na hiari, na asiye na hiari hasifiwi." Nikajisemea, magunia mangapi ya mahindi yameuzwa ili huyu mtoto aende Eldoret kuambiwa kwamba mama yake hakufanya kitu?

Hasira ikapoa. Nikakumbuka uliacha zile fotokopi zako za falsafa hapa likizo iliyopita, na nimekuwa nikizisoma dukani wakati hakuna wateja, kamusi iko kando ya mizani. Kwa hivyo tuongee.

Nianze na mwenye duka, maana hapo sihitaji mwalimu. Mwaka 1785 Kant aliandika habari za mwenye duka asiyempunja mteja mgeni. Hata mtoto akitumwa, anauziwa kwa bei ya watu wote. Ni uaminifu huo, au anachunga biashara yake? Kant anasema tendo ni sawa, lakini lililomsukuma si wajibu. Wambui, huyo ni mimi. Gorogoro yangu, lile kopo la kupimia, unaijua. Unakumbuka pia zile za jirani wetu wa zamani? Zilipigwa nyundo chini, kitako kikaingia ndani. Mteja haoni, kwa sababu macho yake yako juu, kwenye kile kilima cha maharagwe anachoongezewa kwa mbwembwe. Ukiipindua gorogoro unakuta shimo la kutosha ngumi ya mtoto. Mimi sikubonyeza yangu. Kwa nini? Miaka ya kwanza ilikuwa hofu tupu: watu wa hapa wakikushuku, wanahamia duka la pili bila kukuaga. Siku hizi hata sifikirii, mkono unapima wenyewe. Ni wajibu, ni hofu, au ni mazoea? Ukimpata mwenye duka anayeweza kuyatenganisha hayo matatu, mlete nimwajiri.

Lakini nadhani kuna mahali umemsoma Kant mbio mbio. Yule mtu wake mwenye huruma, anayesaidia kwa sababu kusaidia kunamfurahisha, Kant hamwambii aache kufurahi. Anasema tu kwamba furaha ikiwepo, huwezi kujua kama wajibu peke yake ungemwinua. Halafu anamgeuza: mtu huyo sasa ana huzuni zake, huruma imemkauka, na bado anaamka kwenda kusaidia. Hapo ndipo thamani inaonekana. Upendo haujaharibu kitu. Umeiziba tu thamani isionekane.

Sasa siku za kukauka. Hizo nilikuwa nazo nyingi.

Shosho alipopata kiharusi ulikuwa darasa la tatu. Baba yako alikuwa barabarani na lori, Mombasa na Malaba, Malaba na Mombasa. Mawifi zangu walikuja, wakalia, wakanywa chai, wakaondoka, kitanda kikabaki chumba chetu cha mbele. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyeniuliza. Kila saa mbili alikuwa anageuzwa asitoke vidonda, usiku na mchana. Kuna namna yake: unatandika leso iliyokunjwa mara mbili chini ya mgongo hadi nyongani, unaishika pindo zote mbili karibu na mwili wake, halafu unavuta leso, humvuti mtu. Ukivuta mtu, ngozi inachanika. Hilo sikufundishwa na yeyote, ngozi yake ndiyo iliyonifundisha, na hata leo sipendi kulikumbuka. Na kwa kuwa wewe ni binti wa kwanza na jina lako ni lake, nilikuwa nikimwosha Wambui mmoja, kisha nakaa chini kumsuka mwingine.

Mwaka wa pili, siku moja nilimlisha uji, nikamgeuza, nikainjika maharagwe kwenye jiko la makaa, nikatia nguo mbili kwenye mfuko na kwenda stejini. Gari la Nyahururu, kwetu. Sijawahi kukuambia hili, wala baba yako hajui. Nilikaa kando ya dirisha. Tulikuwa abiria wanne, na makanga alikuwa akiita watu kama aliyekosana nao.

Najua unachongoja kusikia: kwamba niliuona uso wa Shosho nikalia. La. Nilikumbuka maharagwe. Nilikuwa nimeyawekea maji kidogo, na makaa yalikuwa mengi. Nikashuka. Lile gari lingejaa mapema, ningekuwa nimeshapita Subukia.

Nilipofika, nyumba nzima ilikuwa moshi. Shosho alikuwa ameishika shuka kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa mzima, akaiachia shuka akanyoosha kidole jikoni. Kana kwamba sikuwa nimesikia harufu! Nilichota ya juu yasiyoungua, nikachanganya na mahindi. Wewe ulinuna kwamba githeri inanuka moshi. Yeye alimaliza sahani.

Kwenye fotokopi zako yupo yule Mwingereza wa karne ya 17, John Locke. Anasema mtu amebebwa usingizini, akawekwa chumbani na mwenzake aliyetamani sana kumwona, mlango ukafungwa kwa nje. Anaamka, anafurahi, anakaa kuongea. Locke anasema mtu huyo anakaa kwa kupenda kwake, ila hana uhuru wa kutoka. Niliposoma hapo niliweka kamusi chini. Mwaka mzima niliamini niko ndani ya chumba hicho, tena bila hata huyo mwenzangu wa kutamani. Nilikuwa nawalaumu mawifi, nalaumu lori, nalaumu mila. Siku ile ya steji niliusukuma mlango, nao ukafunguka. Kuanzia hapo, nikiamka saa kumi na moja alfajiri kumgeuza, sikuwa na wa kumlaumu. Ilikuwa mbaya zaidi, mwanangu, si nafuu. Watu wanausifia uhuru kama asali.

Kwa hiyo usinipe alama kwa kurudi. Aliyerudi alikuwa mwenye maharagwe. Kama kuna alama, ziweke asubuhi iliyofuata, jikoni hakukuwa na kitu motoni, gari la Nyahururu lilikuwepo, nauli nilikuwa nayo. Nilifanya kwa wajibu? Nadhani siku hiyo ndiyo. Miezi kadhaa baadaye nilianza kumpenda, si kama mama mkwe, kama mtu niliyemjua, na hapo Kant ananinyang'anya zile alama tena. Basi azichukue.

Halafu nikamwomba kaka yako anitafutie kwenye simu habari za huyu mzee. Hakuoa, hakupata mtoto, alizaliwa 1724 akafa 1804 katika mji ule ule wa Königsberg. Akili ilimwishia pole pole uzeeni, na mwisho mdogo wake wa kike, Barbara, akahamia kwake kumtunza. Alikuwa mjane, naye mwenyewe amepita miaka 70. Nimemfikiria sana huyo mama. Kaka yake ameandika vitabu vyote hivyo juu ya wajibu, na yeye ndiye anayemfuta mate. Alifanya kwa kupenda, au kwa kulazimika? Ningependa darasa lenu limuulize yeye kwanza, kisha mimi.

Na huyo Profesa Odera Oruka mnayemsoma, mzaliwa wa Ugenya, aliyekuwa akiwaendea wazee vijijini kurekodi fikra zao: laiti angefika kwa Shosho kabla ya kiharusi. Angeondoka na kanda zimejaa, na kuku.

Ukiandika hiyo insha, jina langu liache. Maharagwe unaweza kuyaweka, lakini mwulize mwalimu wako anayapanga upande gani, wa sababu au wa hiari. Nijibu hilo.

Kesho nakutumia njahi, gorogoro tatu, kwa gari la saa nne. Mpigie dereva kabla hajafika, mara ya mwisho alizunguka na mzigo wako hadi jioni. Ziloweke usiku, na usiwe mchoyo wa maji.

Mama yako