Matanga Hayajaanuliwa, Karatasi Zisiguswe

Familia zenye kampuni ndogo za uchapishaji huniita mara nyingi baada ya mwanzilishi kufariki, na ombi lao la kwanza huwa niwaonyeshe kipi kitupwe. Nimehariri vitabu na kupanga nyaraka za wachapishaji kwa miaka mingi, na ushauri ninaowapa niliupata katika historia ya ukoo wa Murray wa London, ulioendesha kampuni yake kwa vizazi saba, kila kizazi kikiongozwa na mtu aitwaye John Murray.

Wa kwanza, ofisa wa zamani wa jeshi la wanamaji aliyezaliwa Edinburgh, alianza na duka la vitabu Fleet Street mwaka 1768. Mwanawe ndiye aliyeikuza kazi, akaihamishia Albemarle Street, nyumba namba 50, mwaka 1812. Alitoa mashairi ya Lord Byron, na Desemba 1815 akatoa riwaya ya Jane Austen iitwayo Emma, ambayo mwandishi aliichapisha kwa gharama yake mwenyewe baada ya kukataa pauni 450 kwa hakimiliki za riwaya tatu. Mauzo ya riwaya hiyo yanajulikana hadi leo kwa sababu daftari za hesabu za kampuni hazikutupwa.

Hata hivyo, nyumba hiyo hiyo ilitenda jambo ambalo bado linaniuma. Byron alifariki Ugiriki tarehe 19 Aprili 1824, habari ikafika London katikati ya Mei, na tarehe 17 Mei kumbukumbu za maisha yake, ambazo Murray alikuwa amezilipia gini 2,000 (fedha ya zamani ya Uingereza), zikachanwa na kutiwa motoni katika sebule ya Albemarle Street. Murray hakuwa amezisoma. Waliokuwapo walihofia aibu, na katika siku chache za msiba wakaamua jambo lisiloweza kutenguliwa. Ndiyo maana nawaomba wafiwa wasiguse kabati la marehemu mpaka matanga yaanuliwe, na hata baada ya hapo mtu asiamue peke yake.

Faili ambalo familia hulidharau zaidi ni la maoni ya wasomaji wa miswada, yaani watu ambao mchapishaji huwapa mswada wausome na kumshauri. Mwaka 1859 msomaji mmoja wa Murray, Whitwell Elwin, alishauri kwamba mwanasayansi Charles Darwin aandike kwanza kuhusu njiwa, kwa kuwa kila mtu anapenda njiwa. Murray wa tatu hakumfuata, akachapisha kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi Novemba mwaka huo, nakala 1,250. Barua ya Elwin ipo, na inamfundisha mhariri kijana kazi hii kuliko kozi nyingi nilizohudhuria. Kampuni iliuzwa mwaka 2002, lakini nyaraka hazikuuzwa pamoja nayo, mpaka Maktaba ya Taifa ya Scotland ilipozinunua kwa pauni milioni 31.2.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulianzia huku kwetu. Mvumbuzi David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, wahudumu wake Abdullah Susi na James Chuma waliwaita wenzao washuhudie masanduku yakifunguliwa, na mmoja wao, Jacob Wainwright, akaandika orodha ya kila kilichokuwamo. Mwili na karatasi, zikiwamo shajara zake, vikabebwa hadi Bagamoyo, na shajara hizo Murray akazitoa kitabu mwaka 1874, baada ya Susi na Chuma kwenda Uingereza kumsaidia mhariri kuzielewa.

Fanyeni vivyo hivyo. Andikeni orodha mbele ya mashahidi kabla ya kuhamisha chochote, mikataba na hesabu za mrabaha, yaani malipo ya waandishi kutokana na mauzo, zikae pamoja, nakala za barua zilizotumwa zisitenganishwe na majibu yake, na aliyekuwa karani wa marehemu aitwe mapema, kwa sababu mara nyingi ni yeye tu anayeujua mwandiko na vifupisho vilivyomo katika daftari.