Mtoto Anayeziba Masikio Hana Kiburi

Mama mmoja ameniandikia kwamba binti yake hulia kila akivalishwa soksi, na ndugu wanamwambia dawa yake ni fimbo. Huenda si kiburi, bali ni tatizo la kuchakata hisi, yaani ubongo kupokea mguso au sauti kwa ukali mno au kwa uhafifu mno. Maneno ya ndugu hao nayajua. Mwanangu alipokuwa akijitupa chini kwa mlio wa blenda, mwalimu mmoja alitamka mbele ya wazazi wenzangu kuwa nimemdekeza. Hadi leo linaniuma. Lakini juzi mwanangu amenyolewa kwa mashine, akatulia kitini mpaka kinyozi akamaliza, na furaha yangu siifichi.

Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu. Ipo na mingine: sikio la ndani hutambua mwendo na kutupa mizani, misuli na viungo hutuarifu mkono uko wapi hata tukifumba macho, na kuna hisi ya ndani ya mwili inayotuambia tuna njaa au tumebanwa na haja. Kwa baadhi ya watoto, taarifa hizi hufika zikiwa kali mno, na lebo ya shati humkwaruza mtoto kama msasa. Kwa wengine hufika hafifu, ndiyo maana hawatosheki: wanazunguka, wanajigonga ukutani, wanatafuna kola. Wangu alikuwa na yote mawili, akikimbia kelele huku akitaka kukumbatiwa kwa nguvu.

Aliyeweka msingi wa nadharia hii ya kuchakata hisi ni Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani wa tiba kazi, yaani tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku, katika kitabu chake cha 1972. Hali yenyewe ni ya kawaida kwa watoto wenye usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano, na tangu 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili unaitaja miongoni mwa dalili za usonji. Hauitambui kama ugonjwa unaojitegemea. Kwa hiyo usiridhike na kuambiwa jina la tatizo tu; mtoto apimwe masikio, usonji na uwezo wake wa kutulia.

Tiba ukiitazama utadhani ni mchezo: bembea, kupanda, kusukuma, kuchezea mchanga. Mtoto anaongoza, mtaalamu anaongeza ugumu kidogo kidogo. Blanketi zito, lililoongezwa uzito ili limtulize mtoto, wengi wanalisifia, ila utafiti wa 2014 kwa watoto wenye usonji haukuona wakilala zaidi.

Kwetu kilichosaidia zaidi ni kuandika kilichotokea kabla ya kilio, si kilio chenyewe. Ndipo tukaanza kumwambia kabla ya kuwasha blenda, kumvalisha nguo upande wa mshono ukiwa nje, na kumpa kapu zito asukume kabla ya kunyolewa. Mzazi, chunguza kwanza! Usimshike kwa nguvu ili azoee. Anachozoea hapo ni kukuogopa wewe. Na ukienda kwa mtaalamu, kubalianeni lengo linaloonekana nyumbani, mfano kupiga mswaki bila kulia, na tarehe ya kulipima. Tarehe ikifika bila mabadiliko, omba njia nyingine.