Maswali ya Wasomaji: Stendi ya Vito Inayozunguka

SWALI: Nilitengeneza stendi ya mbao ya kutundikia vito, inayozunguka juu ya msumari mnene nilioupigilia katikati ya kitako. Mwanzoni ilinipendeza, lakini sasa inayumba kila ninapoizungusha, na nikitundika mikufu mizito upande mmoja inaanguka. Isitoshe, mkufu wangu wa fedha, ambao huning'inia ukigusa kitambaa cha sufu nilichokibandika kwenye nguzo, umeingia weusi. Nataka kuitengeneza upya kwa mikono yangu mwenyewe. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anzia kwenye kitovu, kwa maana stendi ya namna hii huharibikia hapo kabla haijaharibikia penginepo. Msumari ukizunguka ndani ya mbao hula tundu lake kidogo kidogo, na tundu likishalegea, nguzo yote hufuata ulegevu huo. Badala ya msumari, tafuta beringi bapa ya kuzungushia, ile yenye mabati mawili ya mraba yaliyoshikana na gololi ndogo za chuma katikati yake. Yenye upana wa sentimita 15 inatosha.

Kata duara mbili za plaiwudi ya milimita 18, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 26. Ya chini itakuwa kitako kisichozunguka, na ya juu itakuwa sahani inayozunguka. Mafundi wengi hupenda kukifanya kitako kuwa kidogo ili kisionekane, na hilo ndilo kosa linaloangusha stendi. Uzito wowote unaoning'inia ndani ya ukingo wa kitako hauwezi kuiangusha stendi iliyotulia, hata ukitundika mikufu yote upande mmoja. Ukivuka ukingo huo, unaanza kuivuta. Kwa hiyo kipimo cha kitako ndicho kinachoamua kulabu zako zifike wapi.

Nguzo iwe mti mkavu ulionyooka, wenye upana wa sentimita 4 kila upande na urefu wa sentimita 34 kati ya sahani na kifuniko cha juu. Urefu huu si wa kubahatisha: mkufu wa sentimita 60 ukitundikwa hushuka sentimita 30, na kulabu yenyewe hushuka takribani 2, hivyo ncha ya mkufu hubaki juu ya sahani bila kuburuzika. Chonga kila mwisho wa nguzo uwe ulimi wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 25, toboa tundu la kipimo hichohicho katikati ya sahani, kisha uunge kwa gundi ya mbao. Usitegemee skrubu peke yake, kwa sababu skrubu inayoingia kwenye kichwa cha mti, ikifuata urefu wa nyuzi zake, haishiki kwa nguvu kama inayozikata nyuzi hizo.

Gundi ikiwa bado mbichi, pima nguzo kwa gunia, yaani kifaa cha fundi cha kupimia pembe mraba, pande mbili zinazopakana. Nasisitiza jambo hili kwa moyo wote, kwa sababu nguzo iliyoinama nyuzi 1 tu huwa imepotoka karibu milimita 6 kule juu, na sahani ikizunguka, jicho huona kilele kikichora duara la milimita 12. Weka ncha ya penseli karibu sana na kilele, bila kukigusa, kisha, sahani ikiwa imekalishwa juu ya beringi, uizungushe taratibu kwa mkono. Upande utakaoikwaruza penseli ndio ulioinamia nje. Usukume kidogo, urudie, mpaka penseli isiguse popote, ndipo uiache gundi ikauke.

Kufunga beringi kuna kitendawili kimoja kinachowatatiza wengi. Bati la chini likishafungwa kwenye kitako, skrubu za bati la juu hazifikiwi tena na bisibisi. Basi, kabla ya kufunga chochote, toboa kwenye kitako tundu la milimita 20 mahali panapolingana na njia ya matundu ya skrubu za bati la juu. Funga bati la chini, pindua stendi, kisha pitisha bisibisi katika tundu hilo na ulizungushe bati mpaka kila skrubu ipate zamu yake. Skrubu ziwe na urefu wa milimita 12, zisije zikatokeza upande wa pili.

Kifuniko cha juu kiwe duara ya sentimita 20, na kulabu za shaba zifungwe chini yake, karibu na ukingo, zikiachana sentimita 5 ili mikufu isisokotane. Kwa hereni, chimba mfereji mwembamba katika pande mbili za nguzo zinazotazamana, uchomeke mbawa za plaiwudi ya milimita 6 zenye upana wa sentimita 6, zilizotobolewa matundu ya milimita 2. Hereni za vipini zinatosheka na nafasi ya sentimita 2 na nusu, lakini zinazoning'inia zinahitaji sentimita 6 kati ya safu na safu. Usifunge kulabu mbele ya mbawa.

Sasa nije kwenye mkufu wako. Fedha husawijika inapokutana na misombo ya salfa, na sufu ina salfa ndani yake, sawa na mpira. Bandua kitambaa hicho, na ukitaka kitambaa, tumia cha pamba ambacho hakijatiwa rangi. Piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 240, upake vanishi ya maji mara mbili, na usitundike kito chochote mpaka harufu iishe kabisa, hata kama itachukua wiki kadhaa. Hewa nayo hubeba salfa kidogo, kwa hiyo fedha usiyoivaa mara kwa mara ni afadhali ikae ndani ya mfuko uliofungwa.

SWALI: Je, mtu asiyepata beringi anaweza kutumia gololi za kioo za watoto?

JIBU: Anaweza, ila ni kazi ngumu: mifereji miwili ya mviringo lazima ilingane, gololi zote ziwe za ukubwa mmoja, na zijae mferejini karibu kugusana, la sivyo hujikusanya upande mmoja na sahani ikalala. Mimi ningechagua njia nyingine. Refusha ulimi wa chini wa nguzo ufike milimita 40, upite kwenye sahani na kuzama katika tundu la kitako. Kati ya sahani na kitako weka pete ya plaiwudi ya milimita 6 iliyobandikwa kwenye kitako, kisha usugue nta ya mshumaa juu ya pete na kuuzunguka ulimi. Mzunguko wake ni mzito kuliko wa beringi, lakini haupigi kelele, na nta ikiisha unaipaka tena. Unapoihamisha stendi hiyo, shika kitako, usishike nguzo, kwa kuwa hakuna kinachoizuia isichomoke.